Jina la Mama Yake Babu

Neno lenyewe lilisemwa kwa upole. Ilikuwa mwaka 2007, tumeketi chini ya mwembe kwenye baraza la sultani, na mzee wa upande wa pili akainuka, akaegemea fimbo yake, akasema: "Mama mwalimu tunamheshimu. Amewafundisha watoto wetu kusoma. Lakini babu yake alikuja na msafara."

Watu wakanyamaza. Mtu wa mbali anaweza kulisikia neno hilo likampita tu. Mtu wa Kabambare, huku kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, halimpiti. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kupanda milima kwenda Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, ilipita hapa kwetu. Tangu miaka ya 1870 aliyeishika nchi hii kutoka Kasongo alikuwa Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na baada yake mwanawe Sefu. Pembe za ndovu zilipita Kabambare zikienda mashariki mabegani mwa watu, na watu wenyewe walipita wakiwa bidhaa. Jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis liliitwaa Kasongo Aprili 1893, Kabambare ikaanguka Januari 1894, misafara ikakoma. Waliokuwa wamesombwa kutoka kwao hawakurudi wote. Wengine walibaki pale vita vilipowakuta, wakaoa, wakazaa, wakalima. Basi kila ukoo hapa una swali linaloulizwa usiku tu, watoto wakishalala: hawa walikuwepo, au waliletwa? Aliyeletwa hulima kwa hisani. Siku mwenye hisani akibadili moyo, mtu anafunga mzigo wake.

Kilichokuwa kikigombaniwa siku ile ni michikichi ya marehemu baba, kama sitini hivi, na bonde la mpunga kando ya kijito kinachoingia mto Luama. Nikasimama kujibu. Nilijua jina la baba. Nilijua jina la babu, la ubatizo na la nyumbani. Jina la baba yake babu sikulijua, wala la mama yake. Nikaketi. Sultani akaahirisha kesi mpaka Mama mwalimu atakapoleta shina lake.

Majina ya watu wetu sitayaandika humu. Wengine wako hai, na kwetu mambo hayajatulia kiasi cha mtu kutangaza ukoo wake hadharani.

Ingekuwa zamani ningekwenda nyumbani nikafungua sanduku la bati. Baba alikuwa katekista, mwalimu wa dini kama tunavyowaita huku, na katika sanduku lile aliweka kila karatasi ya nyumba: cheti cha ndoa, kadi zetu za ubatizo, kitambulisho chake cha wakati wa Wabelgiji, na kaye moja ya mistari ambamo aliandika vizazi vyetu. Mwaka 1964, waasi walioitwa Wasimba walipoishika Kasongo na Kabambare, alilifukia sanduku chini ya jiko likapona. Mwaka 1998 hapakuwa na wa kulifukia. Baba alikwishafariki, na vita vilivyoanza Agosti mwaka ule vilipofika kwetu, kijiji kilichomwa asubuhi tukiwa shambani. Mume wangu alirudi kutazama kama kuna cha kuokoa. Hakurejea.

Tulikaa msituni miezi mingi. Waliokuwa katika misitu ya Maniema miaka ile hawahitaji kuelezwa, na kwa wasiokuwepo nitataja jambo moja tu: chumvi. Kijiko kimoja cha chumvi tulikibadilisha kwa kuku mzima, na siku tulipokosa kuku tulichoma majani ya mtoni, tukachuja majivu yake, tukatilia maji yale kwenye sombe ili watoto waweze kumeza. Humo msituni nilijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alimpa jina. Aliishi wiki tatu, tukamzika chini ya mti ambao leo siwezi kumwonyesha mtu. Hakufika padri, hakufika karani, hapakuwa na karatasi. Wakati ule sikuwaza habari za karatasi. Niliwaza wale wawili waliobaki.

Tulitembea usiku kwa usiku, Lulimba, Fizi, hadi Baraka. Tukavuka ziwa kwa mtumbwi wa injini mpaka Kigoma, na mwaka 1999 nikaandikishwa kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Karani aliuliza jina langu, jina la baba, mahali pa kuzaliwa. Nilijibu, na nilipotoka kwenye foleni nikatambua kwamba majibu yale matatu ndiyo mali yote niliyokuwa nimevuka nayo.

Mwaka 2003 mwanangu mkubwa aliugua, tukapewa ruhusa ya kwenda naye hospitali ya Maweni, Kigoma. Alipopata nafuu niliteremka hadi Ujiji kununua dagaa. Bibi mmoja muuzaji aliposikia Kiswahili changu aliacha mizani yake akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kabambare. "Mimi pia wa Kabambare," akasema, na uso wake wote ukafunguka. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka ziwa. Ujiji imejaa Wamanyema, wajukuu na vitukuu vya watu waliotoka kwetu, wengine kwa hiari yao, wengine kwa minyororo. Wako Tabora vilevile, na katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam. Bibi yule akanihesabia nasaba yake kidole kwa kidole, vizazi sita, mpaka akafika kwenye kijiji cha ng'ambo ambacho mimi nimekilalia na yeye hajakiona. Kisha akaniuliza: "Na wewe, mwanangu, ni wa nani?"

Nikataja wawili, nikakwama. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea fungu la dagaa bila malipo. Fungu lile nililibeba hadi kambini nikiwa nimeinamisha kichwa. Mtu ambaye ukoo wake ulisombwa miaka mia na zaidi iliyopita alijua kwao kuliko mimi niliyezaliwa hapo.

Tulirudi kwa meli ya wakimbizi mwaka 2006, na mwaka uliofuata ndipo likaja lile neno la barazani.

Nilianzia parokiani. Jengo lilikuwa limebaki kuta na nyasi. Madaftari ya ubatizo yaliungua sehemu kubwa, na yaliyosalia askari walikuwa wameyachana kusokotea sigara. Nilikaa kwenye ngazi ya sakristia nikalia, na si kwa sababu ya shamba. Padri kijana aliyekuwa ameletwa kuifufua parokia ile akaja akaketi kando yangu. Akaniambia: "Mama, usilie bado." Akanieleza kitu ambacho mimi, binti wa katekista, nilipaswa kukijua: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kila mwisho wa mwaka paroko apeleke kwa askofu nakala ya madaftari yake. Baba alibatizwa miaka ya 1920. Wakati huo Kasongo haikuwa na askofu. Ilikuja kufanywa vikariati mwaka 1952. Maniema yetu ilikuwa chini ya Askofu Victor Roelens, naye alikaa Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, juu ya bandari ya Moba. "Kama karatasi ya baba yako iko popote duniani," alisema padri, "iko huko."

Ni yeye pia aliyenisimulia habari za Waairishi, maana alisoma na mapadri wa kutoka kwao. Njaa iliingia nchi ya Ireland mwaka 1845, viazi vilipooza shambani kwa ugonjwa. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda Marekani na kwingineko. Leo vitukuu wao wanarudi kuuliza: sisi ni wa kijiji gani? Na wao pia walipata moto wao. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la kumbukumbu za taifa mjini Dublin lililipuka likaungua pamoja na karatasi za karne nyingi, yakiwemo madaftari mengi ya Kanisa la Kianglikana yaliyokuwa yamekusanywa humo. Ya Kikatoliki yalipona kwa kuwa yalikuwa yamebaki kila parokia na yake, na tangu mwaka 2015 maktaba ya taifa lao imeyaweka kwenye intaneti, anayetaka anayasoma bure. Kwao kiliungua kilichokusanywa, kwetu kiliungua kilichobaki parokiani. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Nauli niliitafuta miaka minne. Nilikamua mawese, niliuza karanga, nilifundisha wakati mshahara unakuja na wakati hauji. Mwaka 2011 nikaenda. Baraka hadi Kalemie kwa mashua, Kalemie hadi Moba kwa mashua nyingine iliyojaa magunia ya unga na mbuzi. Kutoka Moba unapanda mlima mpaka Kirungu, na ukigeuka nyuma unaona ziwa lote limelala chini yako.

Mzee aliyetunza nyaraka alinipa meza karibu na dirisha na kuniomba kwanza ninawe mikono. Madaftari yameandikwa kwa Kilatini, kila ubatizo na namba yake: siku, jina, wazazi, msimamizi, padri aliyebatiza, na pembeni nafasi ya kuongeza ndoa au kifo. Kilatini hakikunisumbua, baba alinifundisha cha kutosha. Kilichonisumbua ni majina. Mapadri wa kwanza walikuwa Wafaransa na Waflemi, na kila mmoja aliandika kwa sikio lake. Penye "w" mmoja aliandika "ou", penye "j" mwingine "dj", jina moja likawa watu watatu. Hata Kabambare yetu imepitia hayo: Livingstone, aliyelala hapa miezi mingi mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871, miguu ikiwa imejaa vidonda, aliiandika "Bambarre". Mwaka huo wa 1871, karatasi zilipomwishia, aliandika habari zake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu, na magazeti yale yapo mpaka leo, wataalamu wameyasoma upya kwa kamera za namna yake. Nikajifunza kusoma kwa sauti ya chini, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikiacha sikio liamue badala ya jicho.

Siku ya tatu nikampata baba. Alikuwa kwenye nakala, mwandiko safi wa mtu anayenakili bila haraka: namba, tarehe, mama yake, na baba yake ametajwa kuwa mwalimu wa dini. Nilipitisha kidole chini ya mstari bila kuugusa.

Babu alinichukua siku mbili zaidi, katika daftari kongwe zaidi la misheni. Kabatizwa 1894, umri wake umekadiriwa miaka 11. Mahali alikotoka: Kabambare. Nafasi ya jina la baba haina kitu. Nafasi ya jina la mama imejazwa.

Ilibidi mzee wa nyaraka anieleze nilichokuwa nakitazama. Mapadri Weupe walifungua kituo cha Kibanga mwaka 1883, kwenye Ghuba ya Burton, na huko walikomboa kwa vitambaa watoto waliokuwa katika misafara kutoka Manyema. Mwaka 1893 kituo kilifungwa, watu wake wakahamishiwa Kirungu. Babu alikuwa mmoja wa watoto hao. Alinyakuliwa akiwa na miaka sita au saba, akapelekwa ziwani kwa miguu kupitia milima ileile niliyoipita mimi usiku nikiwa na wanangu, akafika pwani ileile niliyopandia mtumbwi. Alipokua akawa mwalimu, na mapadri walipokuja kufungua vituo Maniema mwanzoni mwa karne ya 20, alikuja nao. Wazee wa kijiji walichokiona ni kijana mgeni anayeongozana na Wazungu wa Kanisa, anayesema Kiswahili cha ziwani, na hadithi ikashikwa kutokea hapo. Babu hakuja na msafara. Aliondoka nao, kisha akarudi kwao.

Na mtoto wa umri ule, aliponyang'anywa kila kitu, alipoulizwa na mgeni mwenye kalamu, "Wewe ni wa nani?", alilitaja jina la mama yake. Mimi mtu mzima mwenye cheti cha ualimu sikuweza kulijibu swali hilo mbele ya bibi wa dagaa.

Padri wa Kirungu alinipa nakala yenye muhuri. Nikaikunja ndani ya kitenge.

Nilijua haitatosha. Barazani wangesema Wazungu waliandika walichotaka, na nisingewalaumu. Lakini nilikumbuka jambo moja. Baba aliwahi kutuambia kwamba babu, kila mavuno ya mpunga, alituma debe moja kwa mama mmoja Mwislamu huko Kasongo aliyemwita dada. Sisi watoto tulidhani ni udada wa heshima tu.

Kutoka Kabambare hadi Kasongo nilitumia siku mbili kwa pikipiki kwa sababu ya mvua. Nyumba niliipata kwa kuuliza msikitini. Mwenye nyumba, mjukuu wa mama yule, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Alinikaribisha, akaniletea chai, akasubiri nipumzike ndipo aulize shida yangu. Sikumwambia kilichoandikwa kwenye karatasi. Nilimwambia tu kwamba babu yangu alikuwa akituma mpunga katika nyumba hii, na ninatafuta kujua kwa nini.

Akaingia ndani akatoka na mus-haf uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Kurasa za mwanzo, zile tupu, zilikuwa zimejaa mwandiko wa herufi za Kiarabu, lakini maneno yalikuwa Kiswahili chetu: kuzaliwa, kuoa, kufa, mwaka baada ya mwaka. Akaweka miwani, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto mpaka kwa bibi yake. Akasoma taratibu: jina lake, kwamba aliingia nyumba hii akiwa mtoto, kwamba ni mtu wa Kabambare, na kwamba mama yake aliitwa. Akalisoma jina.

Nikamwomba alisome tena. Akalisoma tena.

Nikaifungua karatasi yangu nikaiweka juu ya mkeka. Yeye hakusoma Kilatini, lakini herufi za Kizungu alizijua. Aliliona jina, akavua miwani, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba katika nyumba yao, tangu yeye mtoto, kila Ramadhani husomwa dua kwa ajili ya ndugu wa bibi aliyepotelea njia ya ziwa. Bibi alipompata ndugu yake tena, mtu mzima, Mkristo, mwalimu wa mapadri, hawakusumbuana juu ya dini. Dua iliendelea tu kwa kuwa ilikwisha kuwa desturi ya nyumba, na hata mwaka ule ilikuwa imesomwa. Nilikuwa nimeombewa ukoo wangu miaka hamsini na zaidi na watu nisiowajua.

Mwaka 2012 baraza lilikaa tena chini ya mwembe uleule. Mzee wa Kasongo alikuja mwenyewe, kwa pikipiki, kwa umri ule, na mus-haf wake kifuani ndani ya kitambaa. Alisoma upande wake, nami nikasoma wangu. Sultani akaomba majina yarudiwe mbele ya wazee wa ukoo unaotajwa, na bibi mmoja kikongwe aliyekuwa ameketi nyuma akasema jina lile lilikuwa la mama wa mama zao, kwamba kuna mwanamke aliyepoteza watoto wawili kwa mkupuo na hakucheza ngoma tena mpaka kufa kwake. Hakuna aliyemwita kuja kutoa ushahidi.

Michikichi nilirudishiwa yote. Bonde la mpunga liligawanywa, kwa sababu waliokuwa wakililima tangu 1999 nao walikimbia vijiji vyao na wana watoto. Nilikubali. Kuna ndugu zangu walionilaumu kwa hilo, na hawajaacha kunilaumu.

Jioni ile, giza likianza kuingia, yule mzee wa fimbo alikuja nyumbani kwangu peke yake. Nilimtolea kiti. Alizungumza kuhusu mvua, kuhusu bei ya mawese, akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini: kwenda Kirungu, mtu anapitia wapi, na inagharimu kiasi gani? Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi. Nilimwandikia pia kwamba anawe mikono kabla ya kugusa madaftari.

Nimenunua kaye mpya. Nimeandika vizazi vyetu kwa kadiri nilivyoviona kwa macho na kusikia kwa masikio, pande zote mbili, wa Kirungu na wa Kasongo, na nimenakili mara tatu: moja iko kwangu, moja kwa mzee wa mus-haf, moja kwa mwanangu Kalemie. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee anayekumbuka, mwulize wiki hii, na uliza pia majina ya wanawake, maana hayo ndiyo yanayopotea kwanza. Andika, kisha nakala moja iweke katika nyumba nyingine, mbali na yako.

Mwanangu wa msituni nimemwandika pia. Yuko ukurasa wa tatu, chini ya kaka zake: jina lake alilopewa na bibi yake, mwaka 1998, wiki tatu.